Wembe wa Kukunja: Makali ya Kutosha ni Yapi?

Unywele mmoja mrefu unashikwa kwa vidole viwili, unaachwa uning'inie, kisha unateremshwa taratibu hadi uguse makali ya wembe uliotulia mkononi. Ukikatika papo hapo bila kusukumwa wala kuvutwa, mwenye wembe anaridhika. Ukijikunja na kuteleza, wembe unarudi kwenye kinoo. Hicho ndicho kipimo kinachoheshimiwa kuliko vyote miongoni mwa wapenzi wa wembe wa kukunja, ule wa feleji unaofunikwa na kipini chake, unaonolewa na kutumika miaka nenda miaka rudi badala ya kutupwa. Wapo waliofika mbali zaidi. Wanapanga matokeo kwa madaraja, wakitofautisha unywele unaokatika kwa mlio na ule unaodondoka kimya kimya, na wananunua darubini ili wautazame ukingo ambao jicho tupu haliwezi kuuona.

Mapenzi hayo nayaheshimu, maana kutunza chombo kimoja cha chuma kwa miaka mingi katika zama hizi za kutumia na kutupa ni jambo jema. Lakini bidii yao naona imeelekezwa pasipo penyewe. Makali ya wembe ni kizingiti. Chini yake hakuna kunyoa, kuna kukwaruza. Ukishakivuka, hali ya uso wako inaamuliwa na mambo mengine kabisa: pembe ya wembe, uzito wa mkono, maji, povu, na namna ndevu zenyewe zinavyoota. Anayeendelea kunoa na kunoa baada ya hapo anakiuliza kinoo maswali ambayo kinoo hakiwezi kuyajibu. Na wanaoumia zaidi kwa ulevi huu wa makali ni wenye nywele za kipilipili, yaani wengi wetu tunaosoma makala hii.

Nianze na haki yao. Wembe butu ni hatari kuliko wembe mkali. Ukigusa unywele haukati. Unauinamisha, unauvuta kwenye shina, na mkono unaongeza uzito bila mwenyewe kutambua. Halafu ghafla wembe unaachia na kuteleza, na hapo ndipo damu inapotoka. Wembe mpya unaotoka kiwandani mara nyingi huja bila makali ya kunyolea, na wa zamani ulionunuliwa mnadani huwa na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mgeni wa jambo hili kwamba asijisumbue na makali anampotosha.

Makali yenyewe pia ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu jinsi unywele unavyoharibu wembe. Unywele ni laini kuliko feleji kwa takriban mara 50, na kwa hesabu hiyo mtu angetegemea usiufanye wembe chochote. Watafiti hao walikata nywele kwa nyembe za kawaida za kutupa, tena ndani ya darubini ya elektroni, wakakuta kwamba makali hayaishi kwa kusagika polepole tu, bali humegeka vipande vidogo sana. Mmegeko hutokea mambo matatu yanapokutana: unywele umeinama wakati unakatwa, feleji ya mahali pale haina muundo ulio sawa, na unywele umegusa kando ya kasoro iliyokuwepo tangu awali. Jambo la pili ni la mtengenezaji. La tatu linamhusu anayenoa, maana kasoro za ukingo ni kazi yake kuziondoa. La kwanza, lile la unywele ulioinama, kwa sehemu kubwa liko kwa anayenyoa: ndevu zimelainishwa au ni kavu, wembe umelala vipi, mkono unakwenda upande gani. Hata maisha ya makali, basi, hayategemei kinoo peke yake.

Sasa tuutazame wembe wenyewe. Ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali vyote viwili vinagusa kwa pamoja. Mgongo ndio kipimo. Uwiano kati ya unene wa mgongo na upana wa wembe ndio unaotoa pembe ya makali, na mara nyingi pembe hiyo huwa kama nyuzi 16 hadi 18 hivi. Fundi wa Solingen kule Ujerumani, wa Sheffield Uingereza au wa Thiers Ufaransa alishaiamua kabla wembe haujamfikia mnunuzi. Kwa anayenoa imebaki kazi moja kubwa, nayo ni kuhakikisha mabapa mawili ya makali, yaani nyuso mbili zinazounda ukingo, yanakutana sawasawa kutoka kisigino cha wembe hadi ncha. Kazi hiyo hufanyika mwanzoni kabisa, kwenye jiwe la namba 1,000 au linalokaribia hapo (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe huwa ndogo na laini zaidi), na ndiyo kazi inayochosha, isiyo na uzuri wowote wa kuonyeshana. Mawe yanayofuata hulainisha mikwaruzo tu. Kama mabapa hayajakutana, hata kwa milimita moja karibu na ncha, jiwe la 12,000 litaishia kung'arisha kosa. Wembe utameremeta kama kioo na bado utavuta ndevu.

Lakini hayo si mazungumzo utakayoyasikia wapenzi wa wembe wanapokutana. Utasikia namba. Chembe za jiwe la 1,000 la kampuni ya Norton zina upana wa mikroni 14 hivi, yaani sehemu 14 za elfu za milimita. La 4,000 lina mikroni 6, la 8,000 lina mikroni 3. Kampuni ya Shapton ya Japani ina jiwe la 30,000 lenye chembe za mikroni 0.49. Baada ya hapo mtu anahamia kwenye poda ya almasi inayopakwa juu ya ngozi au kitambaa: mikroni 0.5, kisha 0.25, kisha 0.1. Kila namba ikishuka, matumaini yanapanda na pesa inatoka mfukoni. Inaaminika kwamba ukifika chini kabisa ya ngazi hiyo utakuta kunyoa kusiko na maumivu.

Kuna jiwe moja linaloivuruga hesabu hiyo yote. Huko Ubelgiji, kwenye milima ya Ardennes karibu na Vielsalm, hupatikana mwamba wa rangi ya malai unaoitwa coticule, unaochimbwa kwa ajili ya kunolea tangu karne nyingi. Kinachokata ndani yake ni chembe za madini ya garneti, nyingi zikiwa na ukubwa wa mikroni 5 hadi 15. Ukienda kwa namba peke yake, coticule ingetakiwa ishindwe vibaya na Norton la 8,000. Haishindwi. Chembe zake zina nyuso nyingi na pembe zisizo na ncha kali, kwa hiyo hukwangua feleji kijuujuu tu bila kuchimba mifereji. Kunoa huanza na tope linalotokana na kulisugua jiwe lenyewe; ukiongeza maji kidogo kidogo hadi tope lote litoweke, jiwe lile lile linalotoa chuma mwanzoni linamaliza kazi mwishoni. Wembe unaotoka hapo huenda usiukate unywele unaoning'inia kwa namna ya kushangaza, lakini wengi walionyoa kwa huo na kwa wembe uliopitishwa kwenye poda ya almasi wanasema wa coticule una upole zaidi usoni. Upole huo hauna namba, na ndiyo maana hauzungumzwi sana.

Vinyozi wa zamani waliujua vizuri. Katika vitabu vya kufundishia vinyozi wa Marekani vya karne iliyopita, mwanafunzi alifundishwa kutambua makali kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha unaloweshwa, wembe unaburuzwa juu yake kwa wepesi wa ajabu, bila kukandamiza. Wembe butu unateleza kana kwamba hakuna kitu. Wembe ulio tayari unashika ukucha, mshiko laini usiokatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kuna hali ya tatu waliyoionya kwa msisitizo: wembe ulionolewa kupita kiasi, ambao unang'ang'ania ukucha na kukwaruza, kwa sababu ukingo wake umekuwa mwembamba mno, umeanza kujikunja au kukatikakatika. Tiba yake ilikuwa kuurudisha nyuma, kuuondoa ukingo huo mbovu na kunoa upya. Kwa hiyo kwa kinyozi aliyeishi kwa wembe kulikuwa na upungufu, kulikuwa na kutosha, na kulikuwa na kuzidisha. Mpenzi wa leo anayajua mawili ya kwanza tu, tena la pili analiona ni kituo cha kupita.

Ilikuwaje elimu hiyo ikapotea? Kwa maoni yangu hapa ndipo penye chanzo cha jambo lote. Mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King Camp Gillette, iliyouza vishikio vya kunyolea vyenye nyembe nyembamba za kutupa, iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata iliuza vishikio zaidi ya 90,000. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, serikali ya Marekani iliagiza vishikio milioni 3.5 na nyembe milioni 32 kwa ajili ya askari wake, na vijana hao walirudi nyumbani wakiwa hawana haja tena ya kinoo wala ukanda wa ngozi wa kupitishia wembe ili kulainisha makali. Kinyozi ndiye aliyebaki na wembe wa kukunja, naye pia baadaye akauacha. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na kweli kwa muda mrefu wa historia mtu alinyolewa na mwingine aliyejifunza kazi kwa kukaa miaka na bwana wake. Bwana huyo alichukua wembe wa mwanafunzi, akaugusa kwenye ukucha, akasema inatosha, kanyoe. Wapenzi wa wembe walioibuka upya miaka hii ya intaneti hawakupata mtu wa kuwaambia hivyo. Walirithi mawe bila kurithi mikono. Palipokosekana bwana wa kusema inatosha, ikaja namba, na namba kwa asili yake haisemi inatosha; daima kuna iliyo ndogo zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekwenda kwa njia nyingine yakaishia palepale. Kinyozi wa mtaani leo anashika mashine ya umeme, na kwa kuchonga pembe za nywele na ndevu anatumia wembe wa dukani uliovunjwa nusu, umeingizwa kwenye kishikio kinachofanana na wembe wa kukunja. Hofu ya VVU na homa ya ini imefanya wembe mpya kwa kila mteja kuwa jambo la lazima, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Lakini nusu hiyo ya wembe inatupa ushahidi mzuri katika mjadala huu. Wembe huo wa shilingi chache ni mkali sana, mkali kuliko nyembe nyingi zinazonolewa kwa mkono na watu wenye mawe ya bei ya kutisha. Kama makali ndiyo yangekuwa kila kitu, mjadala ungefungwa hapo na kila mtu angetupa vinoo vyake. Ila waliotumia vyote viwili wanajua kwamba nusu ya wembe wa dukani haina huruma. Haina uzito, ni nyembamba, na pembe ikikosewa kidogo tu inaingia kwenye ngozi badala ya kupita juu yake. Wembe wa kukunja una uzito wake, una upana unaokuonyesha ulivyolala shavuni, na ukingo wake umelainishwa na ngozi ya ukanda. Hivyo ndivyo watu wanavyovipenda ndani yake, ingawa wakiulizwa watakutajia makali.

Sasa nije kwenye nywele zetu. Kile kipimo cha unywele unaoning'inia kinahitaji unywele mrefu ulionyooka. Mwenye kipilipili hawezi kukifanya kwa unywele wa kichwani mwake. Ukiushika unajisokota na kugusa wembe kwa ubavu. Hata kwa wenye nywele ndefu, jibu linabadilika kulingana na unene wa unywele, kama umeoshwa au una mafuta, na kama umeshikwa upande wa shina au wa ncha, kwa sababu magamba ya unywele yana mwelekeo mmoja. Kipimo chenyewe kimezaliwa kwenye vichwa vya watu wengine, na lengo lake nalo ni la ndevu za watu wengine: uso laini kabisa, usio na hata chembe inayoshikika kwa kidole.

Lengo hilo kwa ndevu zilizojisokota ni kujitafutia matatizo. Unywele wa kipilipili unatoka kwenye kitundu kilichopinda. Ukikatwa kwa mshazari na wembe mkali, ncha yake inabaki kama mkuki mdogo, na unapokua unapinda kurudi kwenye ngozi na kuichoma. Mbaya zaidi ni pale ngozi inapovutwa na kunyolewa kwa kwenda kinyume cha mlalo wa ndevu: unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, unajirudisha ndani, kisha unatoboa ukuta wa kitundu chake kabla haujapata njia ya kutoka. Mwili unauona kama mwiba na kuanza kupigana nao. Ndivyo vinavyotokea vipele vya ndevu shingoni na chini ya taya, vyenye usaha, na hatimaye madoa meusi na makovu. Tafiti za Marekani zimetaja kwamba tatizo hili linawapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa, na jeshi la nchi hiyo limelazimika kwa miongo mingi kutoa ruhusa maalumu ya kutonyoa kwa askari wenye tatizo hilo.

Ushauri wa madaktari wa ngozi unakwenda kinyume kabisa na ndoto ya wapenzi wa makali. Usivute ngozi. Nyoa kwa kufuata mlalo wa ndevu. Pita mara moja, si mara tatu. Acha kijisehemu kidogo cha unywele juu ya ngozi. Lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika kadhaa kabla ya kuanza. Ukiwa na vipele tayari, pumzika hadi vipone au tumia mashine inayobakisha kama milimita moja. Sioni mahali popote hapo panapodai jiwe la 30,000. Wembe uliovuka kizingiti, usiovuta, mikononi mwa mtu anayejua kuacha, unafaa kabisa. Kinachonisikitisha ni kumwona kijana wa Dar es Salaam au Nairobi, shingo imejaa vipele, anaambiwa na wenzake wa mbali kwamba wembe wake haujanolewa vya kutosha. Ananunua mawe, anaongeza makali, anazidi kukata chini, vipele vinaongezeka, naye anarudi kuomba ushauri na kupewa jina la jiwe jingine.

Wapo watakaosema kunoa ni starehe yenyewe, wala si lazima iishie usoni. Sina ugomvi na hilo. Mtu anaweza kukaa jioni nzima na jiwe la maji, akasikiliza sauti ya feleji ikibadilika kadiri mabapa yanavyokutana, na akapata utulivu ambao hakuna anayeweza kumnyima. Ugomvi wangu ni pale starehe hiyo inapogeuzwa dawa ya kila tatizo la kunyoa na kuuzwa kwa wageni. Nina ugomvi pia na jinsi inavyofunika kazi ndogo ndogo zinazolinda makali kweli. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, adui wa wembe wa feleji yenye kaboni nyingi ni hewa ya chumvi na bafu lenye mvuke. Ukingo mwembamba namna ile unaweza kuanza kutu usiku mmoja, na kutu ya ukingoni haionekani kwa macho hadi asubuhi wembe unapovuta. Kuukausha wembe kwa kitambaa, kuupitisha kwenye ukanda wa ngozi, kuupaka tone la mafuta ya cherehani na kuuhifadhi nje ya bafu kunaokoa makali mengi kuliko poda yoyote ya almasi. Mafuta ya kupikia hayafai. Yanaganda na kunata.

Huyo kijana mwenye shingo iliyochomwa, ningemwambia avifunge vinoo vyake kabatini kwa mwezi mmoja. Aache vipele vipone kwanza. Kisha wembe aulete kwenye ukucha uliolowa, na kama unashika kwa ulaini bila kukwaruza, anyoe kwa huo huo. Alaze wembe ili mgongo ubaki karibu na ngozi, mkono uwe mwepesi, raundi iwe moja, kutoka juu kwenda chini au kule ndevu zinakoelekea, maana shingoni huwa zinageuka na inabidi azipapase kwanza ajue. Asijipime kwa kidole mara tu baada ya kunawa. Ajitazame kwenye kioo siku ya pili na ya tatu, chini ya taya, mahali ambapo vipele huanza.